Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Maisha ya Kocha Fred Shero

Mpenzi msomaji, mwombe mwanafunzi yeyote hapa shuleni akutajie wachezaji kumi maarufu. Atakutajia wote bila hata kumeza mate. Sasa mwombe akutajie makocha kumi. Utamwona anakuna kichwa, anatazama juu kana kwamba majina yameandikwa darini. Kocha ni kama mpishi wa arusi. Watu hula pilau wakashiba, wakawasifu bwana na bibi arusi, kisha wakaenda zao. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeinamia sufuria tangu alfajiri, macho yakimwasha kwa moshi.

Ndiyo maana katika toleo hili nimeonelea niwasimulie habari za kocha mmoja ambaye mimi namhusudu sana. Jina lake ni Fred Shero. Alitwaa kombe kubwa kabisa la mchezo wake mara mbili mfululizo, akaleta mbinu ambazo leo kila timu inazitumia, halafu akafa na kukaa kaburini miaka 23 kabla ya wakubwa wa mchezo huo kukubali kwamba anastahili kuwekwa katika Jumba la Mashujaa. Jamani, miaka 23!

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Sisi Wakenya tukisikia hoki tunafikiria mpira wa magongo wa nyasini, na si ajabu, maana zamani Kenya ilikuwa simba wa mchezo huo. Mwaka wa 1971 timu yetu ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona. Hoki ya Shero ni ile ya barafuni. Kila timu ina wachezaji sita uwanjani, pamoja na mlinda lango. Huvaa viatu vyenye kisu chini yake na kuteleza kwa kasi ya ajabu. Badala ya mpira, hupiga kisahani cheusi cha raba ngumu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Wachezaji huruhusiwa kugongana mabega na vifua, kwa hivyo ni mchezo wa wanaume waliojizatiti kwelikweli. Siku hizi hata Nairobi wapo vijana wanaoucheza, na mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni.

Sasa tumrudie mtu wetu. Frederick Alexander Shero alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1925 mjini Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Urusi. Winnipeg ni mji wa baridi kali isiyo na mzaha. Watoto wa huko hujifunza kuteleza juu ya barafu mapema, kama sisi tunavyojifunza kupiga mpira wa makaratasi. Fred alicheza hoki na pia alipigana ndondi katika ujana wake.

Kama mchezaji, hakuwa nyota. Kati ya 1947 na 1950 aliichezea New York Rangers katika ligi kuu iitwayo NHL. Alikuwa mlinzi. Katika mechi 145 za ligi alifunga magoli 6 tu. Mwaka wa 1950 Rangers walifika fainali ya Kombe la Stanley, wakashindwa na Detroit Red Wings katika mechi ya saba, tena katika muda wa nyongeza. Baada ya hapo Shero hakucheza tena katika ligi kuu. Alishuka ligi za chini.

Alikuwa na jina la utani: Ukungu. Inasimuliwa kwamba katika mechi moja mjini St. Paul mwaka wa 1948, ukungu ulitanda juu ya barafu hata watu hawakuona kitu, lakini Shero akashikilia kwamba yeye anakiona kisahani barabara. Wenzake wakacheka na jina likamganda. Baadaye watu walilipa jina hilo maana nyingine, kwa sababu alikuwa mtu wa kuzama katika mawazo yake. Angeweza kukupita njiani bila kukuona. Kuna hadithi kwamba siku moja wakati wa mapumziko ya mechi alitoka nje ya uwanja kupunga hewa, mlango ukajifunga nyuma yake, akabaki nje! Waliomcheka hawakujua kilichokuwa kikipikwa ndani ya kichwa hicho.

Tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini Shero alifundisha timu za ligi za chini kwa takriban miaka 13. Shawinigan, St. Paul, Buffalo, Omaha: kote huko alipita na mabegi yake. Na hakupita bure. St. Paul walitwaa ubingwa wa ligi yao mwaka wa 1960 na tena 1961. Buffalo walitwaa wao mwaka wa 1970, na Omaha mwaka wa 1971. Hata hivyo simu kutoka ligi kuu haikulia. Hebu fikiria, wewe unashinda na kushinda, lakini kila nafasi ikitokea wanamchukua mwingine. Wengi wetu tungekata tamaa tukafungue duka. Yeye alizidi kusoma. Alisoma vitabu, aliandika madaftari kwa madaftari, na hasa alisoma maandishi ya Anatoly Tarasov, kocha mashuhuri wa Kisovieti. Wakati huo makocha wengi wa Marekani na Kanada waliona kwamba hawana lolote la kujifunza kutoka Moscow. Shero aliona kwamba elimu haina mpaka.

Mwishowe, mwaka wa 1971, timu ya Philadelphia Flyers ikamwita. Alikuwa na umri wa miaka 45. Flyers ilikuwa timu changa, iliyoanza kucheza 1967 ligi ilipopanuliwa kutoka timu 6 hadi 12. Hakuna hata moja kati ya timu zile mpya iliyokuwa imetwaa Kombe la Stanley. Msimu wake wa kwanza ulikwenda mrama. Katika mechi ya mwisho, tarehe 2 Aprili 1972, Flyers walihitaji sare tu dhidi ya Buffalo Sabres ili waingie raundi ya mchujo. Zikiwa zimebaki sekunde 4, Gerry Meehan wa Buffalo akapiga kisahani kutoka mbali, kikaingia wavuni. Sekunde nne, ndugu zangu! Msimu ukaishia hapo.

Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yanayonifanya nimwite mwalimu. Mwaka huo huo wa 1972 alimleta Mike Nykoluk awe kocha msaidizi. Leo hakuna timu isiyo na wasaidizi watatu wanne, lakini Nykoluk ndiye anayetajwa kuwa msaidizi wa kwanza wa kudumu katika NHL. Kabla ya hapo kocha mkuu alikuwa kila kitu, na kuomba msaada kulionekana kama kukiri udhaifu. Shero hakujali. Alikuwa miongoni mwa makocha wa kwanza kutazama filamu za mechi ili kuchunguza makosa, na wa kwanza kuwataka wachezaji wafanye mazoezi mepesi asubuhi ya siku ya mechi. Aliwafanyisha pia mazoezi ya kuongeza nguvu za mwili msimu ukiendelea.

Kisha akawapa mfumo. Aliandika orodha ya kanuni ambazo kila mchezaji alipaswa kuzijua kama tunavyojua jedwali la kuzidisha. Usitupe pasi bila kutazama. Ukiwa karibu na lango lako, usikatize pasi mbele ya adui mpaka uwe na hakika kabisa. Ukiwa na kisahani nawe huna wa kumpa wala njia ya kupita, kipige mbele mkakifukuze. Kanuni nyepesi, lakini kila mtu alijua mwenzake yuko wapi hata bila kuinua macho. Timu isiyo na nyota wengi inahitaji sana jambo hilo. Nyota anaweza kubuni, lakini sisi wa kawaida tunahitaji utaratibu.

Nalo zoezi lake moja limekuwa hadithi. Inasemekana aliwahi kuwapa wachezaji zoezi la kipuuzi kabisa, lisilo na maana yoyote, wakalifanya na kulirudia. Mwishowe nahodha Bobby Clarke akashindwa kuvumilia, akamwendea kuuliza faida yake ni nini. Kumbe Shero alikuwa akingoja swali hilo tu! Alitaka kujua kama kuna mtu anayefikiri, au wote wanafuata kama kondoo. Mimi niliposoma kisa hicho nilicheka, kisha nikakiwaza. Ni wangapi kati yetu wanaonakili ubaoni mpaka kengele ilie bila kuuliza kwa nini?

Huyo Bobby Clarke naye ana habari yake. Aliugua kisukari tangu utotoni, na timu nyingi zilimwogopa kwa sababu hiyo. Flyers walimchagua mwaka wa 1969, baada ya wengine 16 kuchaguliwa mbele yake. Mnamo Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alifanywa nahodha chini ya Shero. Alikuja kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu: 1973, 1975 na 1976.

Tena Shero hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na haya, hata kuzungumza na mchezaji ana kwa ana kulimtatiza. Kwa hivyo alitumia ubao. Kila siku wachezaji wakiingia chumba cha kubadilishia nguo walikuta ameandika methali au wazo la kuwatia moyo. Siku nyingine aliacha kijikaratasi mahali pa mchezaji. Kocha mwenye haya aliyetawala wanaume wenye vifua kama milango! Hilo linatufundisha kwamba uongozi si lazima uwe wa kubweka.

Sasa tufike 1974. Flyers walishinda mechi 50 msimu huo, wakafika fainali dhidi ya Boston Bruins. Boston walikuwa na Phil Esposito na Bobby Orr, na Orr ndiye aliyehesabiwa mlinzi bora kuliko wote duniani. Timu zote zilikuwa na mbinu moja juu yake: hakikisha Orr hapati kisahani. Shero akaigeuza. Akawaambia vijana wake wakipige kisahani upande wake makusudi, wampe akibebe yeye, wamgonge kila anapokibeba, wamlazimishe kurudi nyuma kukifuata tena na tena. Watu walidhani Ukungu sasa amerukwa na akili. Lakini chuma nacho huchoka. Tarehe 19 Mei 1974 ikachezwa mechi ya sita mjini Philadelphia. Kabla ya mechi Shero aliandika ubaoni kwamba wakishinda siku hiyo watatembea pamoja maisha yao yote. Rick MacLeish alifunga goli moja, na mlinda lango Bernie Parent akaziba kila tundu. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, Orr huyo huyo alimshika Clarke ili kumzuia, refa akamtoa nje kwa adhabu. Mechi ikaisha 1–0. Kombe la Stanley likaenda kwa timu changa kwa mara ya kwanza. Inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walijaa barabarani kuwalaki mabingwa.

Mwaka huo zawadi ya Jack Adams, ya kocha bora wa ligi, ilitolewa kwa mara ya kwanza kabisa, na aliyeipokea ni Shero. Mtu mwingine angekaa akala raha. Yeye alifunga safari hadi Moscow kuhudhuria mafunzo ya makocha! Bingwa akaketi darasani na kalamu mkononi. Mwaka wa 1975 akatwaa kombe tena, kwa kuwashinda Buffalo, wale wale waliomliza kwa sekunde nne.

Hapa sina budi kusema ukweli, maana sikuja kumpaka mtu mafuta. Flyers wa Shero walikuwa watu wa ngumi. Waliitwa majambazi wa barabara ya Broad, ambayo ilipita karibu na uwanja wao. Dave Schultz alikaa nje kwa adhabu dakika 472 katika msimu wa 1974–75, rekodi ambayo haijavunjwa. Walipigana na wachezaji, wakati mwingine hata watazamaji walihusika. Shero hakuwazuia. Alijua kwamba wapinzani wakiingia na hofu, nusu ya kazi imekwisha. Mimi sikubaliani naye katika hilo. Mchezo ni mchezo, si vita, na mwalimu hodari kama yeye hakuhitaji kutegemea ngumi. Kwa sababu hiyo wengi waliona kwamba vikombe vile vilipatikana kwa ubabe, na jina la kocha likachafuka pamoja na la vijana wake.

Lakini kama ngumi peke yake zingeleta vikombe, mabondia wote wangekuwa mabingwa wa hoki. Tazama mechi ya tarehe 11 Januari 1976. Timu ya jeshi la Kisovieti, CSKA Moscow, ilikuwa ikizunguka Amerika ya Kaskazini. Ilikuwa imewashinda New York Rangers 7–3, ikatoka sare 3–3 na Montreal, ikawashinda Boston 5–2. Ikabaki Philadelphia. Katika kipindi cha kwanza Ed Van Impe alimgonga Valeri Kharlamov kwa nguvu, Wasovieti wakaghadhabika wakatoka uwanjani, wakarudi baadaye. Watu wengi hukumbuka kisa hicho tu. Wanasahau mbinu. Wasovieti walizoea kurudi nyuma na kisahani, wakizunguka na kupasiana mpaka mpinzani awakimbilie na kuacha pengo. Shero alikuwa amewasoma miaka mingi. Akawaamuru vijana wake wasiwakimbilie, wasimame imara katika mstari na kuwangoja. Pengo halikupatikana. Flyers walilenga lango mara 49, Wasovieti mara 13 tu. Matokeo yakawa 4–1. Mwanafunzi alikuwa amefanya mtihani katika somo la mwalimu wake, akapita.

Msimu huo wa 1976 Flyers walifika fainali kwa mara ya tatu mfululizo, wakashindwa na Montreal. Mwaka wa 1978 Shero aliwaacha, akarudi New York Rangers kama kocha na meneja mkuu. Mwaka wa 1979 akaifikisha timu hiyo fainali, Montreal wakamnyima tena. Mnamo Novemba 1980 kazi hiyo ikaisha. Kisha alitangaza mechi za New Jersey Devils redioni, na baadaye akafundisha kule Uholanzi. Ugonjwa wa saratani ulikuwa umeanza kumla. Mwaka wa 1990 Flyers walimrudisha nyumbani, wakamweka katika orodha ya mashujaa wa klabu yao. Ilikuwa vyema walivyowahi. Tarehe 24 Novemba mwaka huo huo Fred Shero aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka 65.

Alikuwa ameshinda mechi 390 za ligi kuu. Lakini jumba kuu la mashujaa wa hoki kule Toronto halikumfungulia mlango. Miaka ikapita, wakaingizwa wengine, wachezaji wake wenyewe Clarke na Parent wakiwa tayari wamo ndani. Mwalimu akabaki nje ya mlango kama ile siku ya mapumziko. Ni mwaka wa 2013 tu ndipo alipoingizwa. Aliyepokea heshima kwa niaba yake alikuwa mwanawe, Ray Shero, ambaye naye alikuwa meneja mkuu wa Pittsburgh Penguins walipotwaa kombe hilo hilo mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata, 2014, sanamu ya kocha ikasimamishwa Philadelphia. Sanamu ni nzuri, lakini haisikii makofi.

Na kama kuna anayeshuku bado, nampa hoja moja. Tangu Shero aliponyanyua kombe mwaka wa 1975 hadi 2025, miaka hamsini kamili, Flyers hawajalitwaa tena. Wamepita makocha wengi, wamepita nyota wengi, na wenye ngumi pia hawakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa ubao na chaki.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shero alikuwa na kasoro yake na nimeitaja, lakini haki yake ilicheleweshwa mno. Hapa kwetu pia timu ikishinda tunambeba mfungaji mabegani, na mwalimu wa michezo tunamwacha akikusanya magongo na kuhesabu jezi, jua likitua. Yeye ndiye aliyekuja Jumamosi tulipolala. Msingoje mpaka aandikiwe tanzia ndipo mseme alikuwa hodari. Mkimwona leo uwanjani, msaidieni kubeba magongo, na mmwambie ahsante akiwa bado anasikia.